Jina la Mtoto Kutoka Babeli: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

Mpwa wangu wa Tanga ana ujauzito wa miezi saba na simu yenye bando la mwezi mzima. Juzi, saa tano usiku, alinitumia orodha ya majina ya watoto, mia na ushei, yote, kwa maneno ya aliyeyakusanya, ya "miungu na mashujaa wa Mesopotamia". Ishtar, Inanna, Enki, Tiamat, Lilith, Aya, Nina, Tamuzi. Mbele ya kila jina pana maana ya neno moja au mawili: upendo, hekima, bahari, usiku. Chini yake akaandika: "Shikamoo mjomba. Wewe si unasomaga haya mambo ya kale? Nichagulie la kike. Mama mkwe anang'ang'ania Zuhura, eti jina la mama yake. Mimi nataka kitu ambacho hakipo mtaani."

Nikamjibu marahaba, nipe siku mbili. Siku mbili zimekuwa tisa, kwa sababu karibu kila jina nililoligusa lilikuwa na kasoro: maana iliyokatwa, mungu aliyebadilishiwa kazi, au hadithi iliyotungwa karne nyingi baada ya Babeli kuanguka. Nimeona nimjibu hadharani, maana najua orodha hiyo haikuishia Tanga.

"Wazazi wa Mesopotamia waliwaita watoto wao Ishtar, Enki, Marduk."

Uongo, isipokuwa kwa nadra sana.

Mesopotamia ni nchi ya kati ya mito miwili, Hidekeli na Frati, na leo sehemu yake kubwa iko Iraki. Lugha zake kuu za kale zilikuwa mbili: Kisumeri, ambacho hakina ndugu anayejulikana popote duniani, na Kiakadi, ambacho ni ndugu wa damu wa Kiarabu na Kiebrania. Watu wa huko waliandika kwa kukandamiza ncha ya tete kwenye udongo mbichi. Udongo hauozi kama karatasi, kwa hiyo majina yao tunayo kwa maelfu: ya wafalme, ya wapika pombe, ya watumwa, ya watu wanaodaiwa shayiri. Ukiyasoma machache tu unagundua kwamba jina lilikuwa sentensi nzima, na mungu alikuwamo ndani yake akitenda jambo.

Iddin-Sin maana yake "Sin ametoa", na Sin ndiye mungu wa mwezi. Mannu-ki-Ishtar ni swali, "Nani kama Ishtar?", swali lilelile analouliza kila Mikaeli bila kujua, kwa kuwa jina lake kwa Kiebrania ni "Nani kama Mungu?" Mannum-balum-Shamash ni "Nani awezaye pasipo Shamash?" Amat-Shamash, "mjakazi wa Shamash", ni jina la wanawake wengi waliowekwa wakfu kwa mungu jua katika mji wa Sippar. Sasa chukua Ishtar peke yake, bila kitenzi wala swali, umpachike mtoto. Ni sawa na mzazi wa leo aliyekusudia kusema "Mungu ametoa" akaishia kwenye "Mungu".

Watu wa Kilimanjaro na Upare hawahitaji kuelezwa sana. Kwao kuna Elifuraha, Elineema, Elirehema. Hiyo Eli iliyoingia kwa njia ya Biblia ni *el* ya Kiebrania, na *el* ni ndugu wa *ilu*, neno la Kiakadi la mungu. Ilu huyohuyo yumo katika jina la mji wa Babeli, ambalo wenyeji wake walilielewa kuwa *bab ili*, lango la mungu. Karani wa Babeli angekutana na Elineema pale Same, nusu ya jina angeielewa bila mkalimani.

Kuna barua moja ya udongo, ya takriban miaka 3,700 iliyopita, ambayo nikiifikiria hucheka peke yangu. Kijana Iddin-Sin, aliye mbali na nyumbani, anamwandikia mama yake, Zinu, kulalamikia nguo. Anasema nguo za vijana wenzake zinazidi kupendeza mwaka hadi mwaka, zake zinazidi kuchakaa, ilhali sufu kule nyumbani inatumika kama mkate. Kinachomuuma zaidi ni mtoto wa Adad-iddinam. Baba wa kijana huyo ni msaidizi tu wa baba yake Iddin-Sin, lakini kijana kapata nguo mpya mbili, na mtoto mwenyewe ni wa kulea! Mama aliyemlea anampenda, anasema, na wewe uliyenizaa hunipendi. Mzazi yeyote aliyewahi kupokea ujumbe kutoka shule ya bweni anaijua sauti hiyo. Lakini angalia majina. Iddin-Sin: Sin ametoa. Adad-iddinam: Adad, mungu wa dhoruba, amenipa. Mtoto wa bosi na msaidizi wa bosi wamebeba sentensi ileile, wamebadilisha mungu tu.

"Senakeribu maana yake ni nguvu."

Hili lilikuwa upande wa majina ya kiume. Uongo, na unaniudhi kuliko mengine.

Senakeribu, mfalme wa Ashuru ambaye wasomaji wa Biblia wanamjua kwa kuihusuru Yerusalemu, kwa lugha yake aliitwa Sin-ahhe-eriba: "Sin amefidia ndugu." Ndugu hufidiwa wakishaondoka. Maana yake kabla yake walizaliwa wengine, wakafa, na huyu akaja kuziba pengo. Hapa kwetu mtoto wa namna hiyo angeweza kuitwa Sikudhani, au Mashaka, au Tabu, na kila mtu mtaani angejua nyumba ile imepita wapi. Mwaka 681 KK Senakeribu aliuawa na wanawe mwenyewe, na kiti kikaenda kwa mwana mwingine, Esar-hadoni, ambaye jina lake, Ashur-aha-iddina, ni "Ashur ametoa ndugu". Familia nzima iliandika habari zake kwenye majina. Anayelifupisha jina kama hilo kuwa "nguvu" amefukia makaburi ya watoto wachanga.

"Majina ya Mesopotamia hayajawahi kufika kwetu."

Uongo. Simama katika kanisa lolote kati ya Kisumu na Mbeya uite "Abednego!" na utaona atakayegeuka.

Sura ya kwanza ya Danieli inasimulia kwamba mkuu wa matowashi wa Babeli aliwapa majina mapya vijana wanne wa Yuda. Danieli akawa Belteshaza, Hanania akawa Shadraka, Mishaeli akawa Meshaki, Azaria akawa Abednego. Majina ya kwao, ambayo kila moja lilimtaja Mungu wa Israeli, yaliwekwa kando. Ajabu ni kwamba sisi wazazi wa Afrika Mashariki tuliyapenda yale ya utumwani. Azaria wapo, Mishaeli ni wa kutafuta, lakini Shadraka na Meshaki hata ndani ya daladala moja unaweza kuwapata wote wawili, mmoja akiwa ndiye konda.

Maana za Shadraka na Meshaki bado zinabishaniwa. Abednego ni rahisi zaidi. *Abed* ni mtumwa, ndiyo *abdu* ile ya Abdallah. *Nego*, kwa wataalamu wengi, ni Nabu aliyeharibiwa herufi moja: mungu wa maandishi, mwana wa Marduk mungu mkuu wa Babeli, mwenye hekalu lake mjini Borsippa, yule ambaye Isaya anamwita Nebo. Kwa kifupi, Abednego ni Abdu-Nabu. Nabu huyohuyo anaombwa katika jina la mfalme aliyewatupa vijana hao motoni: Nebukadneza ni Nabu-kudurri-usur, "Ee Nabu, mlinde mrithi wangu."

Mordekai anatokana na Marduk, na jina Marduka limeonekana hata katika kumbukumbu za utawala wa Uajemi zilizofukuliwa Persepolis. Zerubabeli ni "mbegu ya Babeli". Kwa Esta wasomi hawajaafikiana: kundi moja linasema ni Ishtar aliyebadilika matamshi, jingine linasema ni neno la Kiajemi la nyota. Biblia yenyewe inasema jina lake la Kiebrania lilikuwa Hadasa. Kwa hiyo mpwa wangu, ukitaka jina lenye harufu ya Babeli ambalo karani wa vizazi hatakuuliza linaandikwaje, Esta lipo. Shida yako ni kwamba mtaani nalo lipo.

"Ishtar ni kitu kipya, Zuhura ni la kizamani."

Hapa ndipo zile siku tisa zilipoishia.

Ishtar, ambaye kwa Kisumeri ni Inanna, alikuwa mungu wa kike wa mapenzi na wa vita kwa pamoja. Orodha inataja la kwanza na kulimeza la pili. Mji wake mkubwa ulikuwa Uruk, na nyota yake ilikuwa ile inayong'aa kuliko zote, ambayo majira fulani huonekana alfajiri kabla ya jua na majira mengine jioni baada ya jua kuzama. Wazungu wanaiita Venus. Sisi watu wa pwani tunaiita Zuhura.

Ndiyo, Zuhura wa mama mkwe. Kwa lugha hawana undugu: Zuhura ni Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kung'aa. Lakini ukitoka nje alfajiri ukaangalia mashariki, anachokiona mwabudu wa Uruk na anachokiona bibi wa Tanga ni kitu kimoja.

Halafu kuna kisa. Kurani, sura ya Al-Baqara, aya ya 102, inawataja malaika Haruti na Maruti huko Babil. Katika kuieleza aya hiyo, baadhi ya vitabu vya tafsiri vya zamani vilisimulia habari ya mwanamke mzuri aliyewashawishi wawili hao, akajifunza kwao neno la kupandia mbinguni, akapanda, akageuzwa nyota, nayo ndiyo Zuhura. Maulamaa wengi wamekikataa kisa hiki na kukiweka katika fungu la Israiliyati, yaani visa vilivyoingia kutoka kwa Wana wa Israeli, na mimi sina ugomvi nao. Nakitazama kama kisa cha watu tu: mji ni Babeli, mwanamke ni wa mapenzi, nyota ni ileile. Wanahistoria wanaosikia humo mwangwi wa Ishtar hawajaota.

Tahadhari kidogo kwa wanaofuata sauti: sayari ya Mshtarii inasikika kama ndiyo Ishtar. Siyo. Hiyo Wababeli walimpa Marduk.

"Ishtar ndiye chanzo cha neno Easter."

Uongo. Kila mwaka Pasaka ikikaribia ujumbe huu unazunguka kwenye makundi ya simu, na kila mwaka mtu anaupokea kama siri iliyofichuliwa jana. Neno hilo la Kiingereza, mtawa Beda wa karne ya 8 alilihusisha na Eostre, mungu wa kike wa Waanglo-Saksoni. Madai ya Ishtar yalienezwa na mhubiri wa Scotland, Alexander Hislop, katika miaka ya 1850. Kwa Kiswahili hoja haina hata pa kusimama, maana sisi tunasema Pasaka, neno la Wayahudi.

"Shamsa na Shamash ni ndugu."

Kweli! Shamash wa Kiakadi, *shams* ya Kiarabu na *shemesh* ya Kiebrania ni neno moja lililotawanyika, nalo ni jua. Shamsa wa Unguja, Shamsi wa Mombasa na hata Samsoni wa kitabu cha Waamuzi wanakaa chini ya mwavuli mmoja. Kwa Wababeli Shamash alikuwa pia mungu wa haki, kwa sababu jua huona kila kitu. Kwenye jiwe jeusi la sheria za Hammurabi, la karne ya 18 KK, ambalo sasa liko jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris, mfalme amechongwa akiwa amesimama na mkono wake umeinuliwa mdomoni kwa heshima. Mbele yake Shamash ameketi, na miale inamtoka mabegani.

"Aya, Nina na Nana ni majina ya Mesopotamia."

Aya, nusu. Alikuwapo Aya, mke wa Shamash, mwenye mapambazuko. Binti mmoja wa Zimri-Lim, mfalme wa Mari, aliitwa Erishti-Aya, "aliyeombwa kwa Aya", naye aliishi wakfu kule Sippar. Lakini mama wa Kiarabu anayemwita bintiye Aya anakusudia aya tunayoijua wote, ya Kurani. Ni majina mawili yaliyogongana njiani.

Nina, uongo kama linavyoelezwa. *Nin* kwa Kisumeri ni bibi mtukufu, na linaanza majina mengi: Ninlil, Ninkasi wa pombe, Ninsun mama yake Gilgamesh. (Ninsun maana yake ni Bibi Ng'ombe-mwitu. Kwa jamii ya wafugaji hiyo ni sifa kubwa. Mjini utagombana na wakwe.) Nina wa Urusi na Georgia ana historia yake nyingine. Na asije mtu akaniambia kwamba *nin* ndiyo *nina* ya Kiswahili cha zamani, yaani mama. Wapo waliojenga asili nzima ya kabila kwa maneno mawili yanayofanana, na nyumba hizo hazipiti masika.

Nanna alikuwa mungu mwezi wa mji wa Uru, naye ni mwanamume. Kwetu sisi nana ni bibi.

"Lilith alikuwa mungu wa kike wa Mesopotamia, mke wa kwanza wa Adamu."

Uongo mara mbili. Mesopotamia kulikuwa na *lilitu*, kundi la pepo wa upepo waliorandaranda na kuwasumbua watu usiku. Waliogopwa; hawakuwa na ibada. Habari ya Adamu inatoka katika Alfabeti ya Ben Sira, kitabu cha Kiyahudi cha enzi za kati chenye dhihaka nyingi, kilichoandikwa kati ya karne ya 8 na ya 10 BK. Babeli ilikuwa imeangukia mikononi mwa Waajemi mwaka 539 KK. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita katikati.

Isitoshe, hata katika kitabu hicho Lilith anadai kwamba uwezo wake ni juu ya watoto wachanga, ndiyo maana wakavalishwa hirizi dhidi yake. Neno *lilith* limo pia katika Isaya 34:14 kwa Kiebrania. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili ya Muungano walitafuta ndege wa usiku anayehofiwa kwa ajili ya watoto, wakaweka *babewatoto*. Naona walipatia kuliko orodha zote za simu. Swali langu kwa mpwa ni moja tu: ungemwita binti yako Babewatoto?

"Tiamat ni joka lenye vichwa vitano."

Uongo. Hilo la vichwa vitano ni la mchezo wa Kimarekani wa Dungeons & Dragons. Katika Enuma Elish, utenzi wa Wababeli juu ya mwanzo wa dunia, Tiamat ni bahari ya chumvi. Mumewe Apsu ni maji matamu, na miungu ilizaliwa maji hayo mawili yalipochanganyika. Maana ya "bahari" katika orodha, basi, ni sahihi. Ambacho hawakusema ni mwisho wake: Marduk alimuua, akampasua vipande viwili kama samaki wa kuanikwa, na nusu moja akaitandaza kuwa mbingu. Mshairi wa Babeli alikuwa ameiona ng'onda. Mtu wa Tanga anaielewa picha hiyo kuliko profesa yeyote wa Ulaya.

"Anunnaki maana yake ni waliotoka angani kuja duniani."

Uongo. Tafsiri hiyo ni ya Zecharia Sitchin, aliyeitoa katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu viumbe wa sayari nyingine. Wasomi wa Kisumeri hulisoma jina hilo kwa maana ya uzao wa mkuu. Hapakuwa na chombo cha angani, na sina zaidi la kusema.

"Siku hizi hakuna anayetumia majina haya."

Uongo. Wakristo Waashuru, wa Iraki, Syria, Iran na Uturuki, na wale waliotawanyika hadi Chicago na Sydney, wana Ashur, Sargon, Ninos na Shamiran. Wengi waliyarudia katika karne ya 19 na ya 20, baada ya miji ya Ninawi na Nimrud kufukuliwa. Kabla ya hapo majina ya watakatifu ndiyo yaliyotawala. Mshairi Sargon Boulus, aliyezaliwa Habbaniyah mwaka 1944 na kufariki Berlin mwaka 2007, alibeba jina la mfalme wa Akadi kwenye diwani za mashairi ya Kiarabu cha kisasa. Kwa watu hao jina ni madai kwamba wapo na walikuwapo.

Na Tamuzi, yule Dumuzi wa Wasumeri, "mwana wa kweli", ambaye Ezekieli aliwaona wanawake wakimlilia mlangoni pa hekalu? Huko Iraki, Syria na Lebanoni mwezi wa Julai unaitwa Tammuz hadi leo. Mapinduzi ya Iraki ya mwaka 1958 yanaitwa ya 14 Tammuz. Mungu aliyekufa kila kiangazi amebaki kwenye kalenda ya ofisi.

"Jina la mungu wa kale humfungulia mtoto mapepo."

Hili aliliuliza mama mkwe, kupitia mpwa. Fatwa sina, wala upako. Ninachoweza kuleta ni mifano. Katika Matendo ya Mitume kuna mwalimu hodari aitwaye Apolo, jina lililotoka kwa mungu wa Wayunani, na hakuna aliyembadilishia. Jina hilo likafika Uganda, na Apolo Kivebulaya akalibeba hadi Boga, Kongo, alikohubiri mpaka alipofariki mwaka 1933. Kwa upande wa Uislamu inasimuliwa kwamba Abu Huraira kabla ya kusilimu aliitwa Abd Shams, mtumwa wa jua, akapewa Abdurrahman. Kilichokataliwa pale ni utumwa kwa asiye Mungu. Jua lenyewe halikuwa na kosa, na ndiyo maana Shamsa wanapita misikitini kwa amani. Kwa kipimo hicho Abednego ndiye mwenye kesi ngumu kuliko Ishtar. Zaidi ya hapo muulize sheikh wako.

"Enheduanna ni mwandishi wa kwanza duniani ajulikanaye kwa jina."

Kweli, kwa tunavyojua hadi sasa. Alikuwa binti wa Sargon wa Akadi na kuhani mkuu wa Nanna mjini Uru, kiasi cha mwaka 2300 KK, na tenzi za kumsifu Inanna zinahesabiwa kuwa zake. Kipande cha jiwe la alabasta chenye sura yake na jina lake kilifukuliwa Uru katika miaka ya 1920. Ila Enheduanna lenyewe huenda ni cheo zaidi ya jina: *en* ni kuhani mkuu, na sehemu iliyobaki ni pambo la mbingu. Ukimpa mtoto, kumbuka umempa na ajira.

"Lamashtu: binti wa Anu."

Hili ndilo lilikuwa la mwisho kabisa katika orodha, na mpwa wangu ameliwekea alama ya moyo.

Ni kweli tupu. Anu ni mungu wa mbingu, na Lamashtu ni binti yake. Alifukuzwa mbinguni kwa tabia yake, akashuka kuwinda wajawazito na watoto wachanga. Matabano ya Wababeli yanasema huligusa tumbo la mja mzito mara saba ili amwue mtoto. Pale Louvre kuna kibao cha shaba nyeusi, urefu takriban sentimita 14, kilichotengenezwa kumzuia. Katikati mgonjwa amelala kitandani, mkono ameunyosha juu. Chini yake Lamashtu, mwenye kichwa cha simba, amepiga magoti juu ya punda, punda yumo ndani ya mashua, nyoka wawili wako mikononi mwake na wanyama wawili wananyonya maziwa yake. Nyuma ya kibao, akichungulia kwa juu kama jirani juu ya ukuta, yuko Pazuzu, pepo yuleyule wa filamu za kutisha. Wababeli walimvalisha mama mjamzito kichwa cha Pazuzu shingoni kwa sababu Lamashtu alimwogopa.

Hilo, mpwa wangu, lifute leo. Na umsalimie mama mkwe.